UZI: Ng'ambo ya Unguja, upande wa mji usiopigwa picha

Nahodha wa Gulioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalaam alaykum, na kwa wengine habari za jioni.

Ukifungua picha za Zanzibar utakutana na yale yale: mlango wa nakshi, jahazi limetweka tanga, Forodhani usiku, na Beit al-Ajaib kabla haijaporomoka Desemba 2020. Vyote hivyo vimo ndani ya kipande kidogo cha ardhi kilichochomoza baharini, yaani Mji Mkongwe. Watu wa mji wenyewe, wale wanaojaza daladala asubuhi, wanaouza na kununua Darajani, wengi wao wanalala upande wa pili wa barabara, Ng'ambo. Na si jambo la leo.

Humu ndani mara kadhaa nimesoma watu wakiandika kwamba Ng'ambo ni uswahilini palipoota baadaye, watu wa shamba walipokuja mjini kutafuta vibarua. Sikubaliani, na nitasema kwa nini. Ng'ambo imekua pamoja na Mji Mkongwe, kwa jasho lile lile na karafuu zile zile. Kuitwa pembeni kulikuja baadaye, na kuliletwa na watu wenye kalamu na ramani.

Tuanze na maji, maana vijana wengi hawajui kwamba pale palikuwa na maji. Mji Mkongwe uko kwenye rasi. Upande wa magharibi bahari kuu, upande wa mashariki mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo, ukiingilia Funguni na kuteremka mpaka karibu na Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, mji ulibaki kama kisiwa. Yakitoka, unabaki mchanga, tope na harufu. Daraja lilikuwepo, na ndiyo maana mpaka leo tunasema Darajani ingawa hakuna daraja unaloweza kulivuka. Aliyetoka mjini akavuka pale alikuwa amekwenda ng'ambo, basi.

Sultani Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja katika miaka ya 1830, na mikarafuu ikapandwa kila bonde, mji ulihitaji mikono. Watumwa waliletwa kwa maelfu. Wengine walipelekwa mashambani, wengine walibaki mjini: wachukuzi wa bandarini, mafundi, mabaharia, watumishi wa majumbani, wapagazi waliosubiri misafara ya kwenda bara. Mtumwa wa mjini mara nyingi alifanya kibarua nje na kumpa bwana wake sehemu ya ujira. Huyo alihitaji pa kulala, na pa bei rahisi palikuwa ni kuvuka maji. Wakaja Wahadimu kutoka kusini ya kisiwa, Wangazija, Washihiri, watu wa mrima, Wahindi wadogo wadogo wa maduka. Mwisho wa karne ya 19 Ng'ambo ilikuwa imeshaenea.

Kitu kimoja kishikeni tangu sasa. Wakati huo hapakuwa na mstari safi wa mawe huku na udongo kule. Vibanda vya makuti vilikuwepo Malindi na Mkunazini, katikati ya majumba ya mawe. Na Ng'ambo kulikuwa na nyumba za mawe na maduka. Maskini na tajiri walipakana ukuta kwa ukuta. Mstari ulichorwa na Waingereza, na hapo ndipo hadithi inaponoga. Nakwenda kula, nikirudi naendelea.

Mzaramo Halisi

Mkuu umetukatia utamu. Ila mimi nimetembea hapo Michenzani, sioni tofauti na Manzese au Tandale. Vichochoro, bati limekula kutu, watu barazani. Hiyo historia nzito ipo wapi?

Bi Ukaya

@Mzaramo Halisi umepita tu, ukaona bati. Nyumba ya Ng'ambo haisomwi kwa mbele. Mbele ni baraza, pa wanaume na wapita njia, pa bao na kahawa. Unaingia ukumbini, vyumba huku na huku, halafu uwani. Uwani ndiko kwenye kisima, jiko, jivu, mtoto, harusi na msiba. Zamani mwanamke aliweza kutoka uwa mmoja akaingia mwingine akafika mtaa wa pili bila kukanyaga njia kuu. Mji mzima wa wanawake ulikuwa nyuma ya ule unaouona wewe.

Nahodha, kula haraka.

Nahodha wa Gulioni

Nimerudi. Bi Ukaya ahsante, hilo la uwani tutalirudia.

Waingereza waliifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa utumwa, lakini isomeni vizuri amri ile. Mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na akishaupata alitakiwa aonyeshe kwamba ana makaazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje kabisa mpaka mwaka 1909. Sasa fikirieni wewe ndiye uliyeachwa huru jana. Makaazi utayapata wapi? Unakwenda Ng'ambo, unaomba kiwanja kwa mwenye shamba au kwenye ardhi ya wakfu, unachimbia boriti zako, unafunga fito, unakandika udongo, unaezeka makuti. Umeshakuwa mtu mwenye anwani.

Mwanzo viwanja vile wengi walikaa bila kulipa. Tajiri kumpa mtu mahali pa kujenga kulikuwa ni hisani, kulimwongezea wafuasi na jina. Ardhi nyingine ilikuwa wakfu, imetolewa kwa ajili ya Mungu, na katika waliokusudiwa kunufaika walikuwemo wale wale walioachwa huru. Halafu serikali ikaunda Tume ya Wakfu mwaka 1905, ardhi ikaanza kuhesabiwa kama mali ya kuingiza fedha. Mji ukakua, kiwanja kikapata bei, wenye ardhi wengine wakauza kwa wafanyabiashara, na kodi ya kiwanja ikazaliwa.

Utaratibu wake ulikuwa hivi, na bila kuuelewa huu huwezi kuielewa Ng'ambo. Nyumba ni yako. Umeijenga kwa mkono wako au kwa fedha uliyoiweka senti kwa senti. Lakini ardhi iliyo chini yake si yako. Kwa hiyo wewe ni mwenye nyumba na ni mpangaji kwa wakati mmoja. Mwenye ardhi akipandisha kodi huwezi kuhama, maana utaihamishaje nyumba ya udongo? Ukishindwa kulipa, mahakama inakutoa, na kazi yako yote inabaki pale pale.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia kodi zilipanda vibaya. Watu wakavumilia, wakalalamika, na mwaka 1928 wakaacha kulipa. Mgomo wa kodi ya viwanja, wakuu. Mtaa kwa mtaa watu walikataa. Na wenye nyumba hizo wengi walikuwa wanawake: waliokuwa watumwa na binti zao, waliojenga ili wasimtegemee bwana wala mume. Wanawake hao walikuwa mstari wa mbele. Wagomaji walipofungwa, umati ulikwenda gerezani ukawatoa. Serikali ililazimika kuingilia na kuwawekea wenye ardhi kikomo.

Skuli tulifundishwa nini kuhusu mwaka huo? Mimi sikumbuki hata mstari mmoja.

Kijana wa Bloku

Mzee wangu hii sijawahi kuisikia na nimezaliwa Michenzani. Tunafundishwa kuanzia Mapinduzi, kabla ya hapo ni Masultani na Wareno tu.

Msomaji Kimya

Na ule mstari uliosema Waingereza waliuchora? Usisahau mkuu.

Nahodha wa Gulioni

@Msomaji Kimya sijasahau.

Waingereza walikuwa na hofu ya maradhi, na hofu ile ilikuwa na sababu zake: kipindupindu kilikuwa kimeshaua watu wengi Unguja katika karne ya 19, hasa kile cha 1869 na 1870. Ila dawa waliyoiandika ilikuwa kuwatenga watu. Mji wa mawe ukahesabiwa pa Wazungu, Waarabu na Wahindi. Ng'ambo ikahesabiwa pa wenyeji. Katikati waliacha uwazi. Mnazi Mmoja ya leo, pale tunaposali Idi na kucheza mpira, ilifanywa kiwanja cha michezo, na kwa muda mrefu sehemu yake nzuri ilikuwa ya Wazungu wenye gofu na kriketi yao. Kilikuwa kiwanja, na kilikuwa kinga.

Mwaka 1923 mpangaji miji Mwingereza aitwaye Henry Vaughan Lanchester alikabidhi mpango wa mji wa Zanzibar. Yalitekelezwa machache tu, fedha hazikuwepo. Lakini fikra ilibaki ofisini: kule mji, huku vibanda. Na kanuni za ujenzi zikafuata fikra. Kilichoitwa kibanda kilikuwa na sheria zake, kilichoitwa nyumba kilikuwa na zake. Mtu wa Ng'ambo mwenye fedha zake akitaka kujenga kwa mawe na chokaa alijikuta anatakiwa masharti asiyotakiwa jirani aliyejenga kwa udongo. Halafu afisa akija kukagua anaandika kwamba wenyeji wanapenda vibanda.

Pwani Ndogo nayo ilianza kufukiwa kidogo kidogo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kazi ikamalizika miaka ya 1950. Maji yakaondoka, barabara ikakaa mahali pake. Ndiyo hii ya Benjamin Mkapa, wakubwa wakiiita bado Creek Road. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, likajikuta liko ukingoni mwa barabara badala ya ukingoni mwa maji.

Fundi Kandika

Hapa kwenye kufukia naomba niongeze, maana ndiyo kazi yangu, ujenzi. Bahari ukiifukia haisahau njia yake. Mvua za masika zikishika, tazama maji yanakojaa: sehemu za bondeni zote, Jang'ombe, mpaka Mwanakwerekwe ambako barabara iligeuka ziwa watu wakavushwa. Mji wa mawe ulipata bomba la maji la Seyyid Barghash tangu karne ya 19, kutoka chemchem za kaskazini. Ng'ambo iliachiwa visima. Mitaro ya maji ya mvua ya kueleweka imeanza kujengwa juzi juzi, na hata hiyo watu wanaitupia taka.

Halafu watu wanaidharau nyumba ya udongo. Boriti ya mkoko mzuri hailiwi na mchwa kirahisi, udongo unapooza joto, makuti yanapumua. Bati ndilo lililoleta joto, wallahi. Udhaifu wa nyumba ile ni miguu: chini maji yakisimama, imekwisha.

Mzaramo Halisi

Sawa, naanza kuelewa. Lakini mkuu, umeongea kodi, mitaro na kipindupindu. Watu wenyewe walikuwaje? Au walikuwa wanalia tu?

Bi Ukaya

Hapo niachieni mimi.

Kulia? Ng'ambo ndiko ilikopikwa Zanzibar mnayoijua. Taarabu ilianza kama burudani ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu, ikisikilizwa na wachache. Halafu akatokea mwanamke kutoka Fumba, binti wa watumwa, aliyekuwa akiuza vyungu. Alikuja mjini karibu na mwaka 1911. Huyo ndiye Siti binti Saad. Akaimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha uwani na barazani. Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia kesi za mahakamani, wezi wa mali ya serikali, mwanamke aliyeuawa na haki isiyopatikana. Watu walijaa nyumbani kwake Ng'ambo usiku. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Sikilizeni mwaka huo: 1928, mwaka ule ule wa mgomo wa Nahodha. Huku wanakataa kodi, kule sauti yao inawekwa kwenye santuri. Alifariki mwaka 1950.

Baadaye wanawake wakaanzisha vikundi vyao wenyewe vya taarabu. Royal Navy na Sahib el-Ari walikuwa miongoni mwao, na vikundi hivyo vilishindana mpaka mji ukagawika. Nguo za aina moja, nyimbo za kurushiana maneno, huyu akiimba leo yule anajibu wiki ijayo. Mnaodhani mipasho imeanza na bendi za kisasa mna kazi ya kusoma.

Na kabla ya taarabu, mbali na taarabu, kulikuwa na ngoma za lelemama, beni, msondo, na unyago wenyewe, ambao mwanamume hauhusu kwa hiyo naruka. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwalimu wa unyago kabla dunia haijamjua kama mwimbaji.

Nguo pia. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki na merikani, nguo za kazi, kichwa wazi. Alipokuwa huru kitu cha kwanza kukibadilisha kilikuwa kile cha mwilini. Akanunua kanga za maua, na baadaye binti yake akavaa buibui sawasawa na mabibi wa mjini waliozoea kumtuma. Huko barabarani usingeweza tena kumtambua nani alikuwa nani. Waliokasirika walikasirika.

Nahodha wa Gulioni

Bi Ukaya umenimaliza. Hilo la nguo ningeliandika mimi lisingetoka hivyo.

Kijana wa Bloku

Naomba tufike kwenye Mapinduzi na mabloki, maana naona mzee anazunguka zunguka.

Nahodha wa Gulioni

Sizunguki, nafuata njia. Bila mgomo wa 1928 na ule wa wafanyakazi wa bandarini wa 1948, uliosimamisha mji mzima, mtu atadhani siasa za Ng'ambo zilianguka kutoka mbinguni. Wachukuzi wa bandarini walikaa huku. Asubuhi wanavuka kwenda kubeba mizigo ya watu, jioni wanarudi kwenye vibaraza kusikiliza habari.

Baada ya vita vya pili Waingereza walijaribu kuituliza Ng'ambo kwa majengo. Walikuwa na mpango wa maendeleo wa miaka kumi, 1946 mpaka 1955, na humo wakajenga nyumba za mfano na kituo cha jamii kule Raha Leo. Pale palikuwa na ukumbi, na mwaka 1951 redio ya Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza. Nia ilikuwa watu wapate burudani na elimu ya uraia. Kilichotokea mnakijua: usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, mwezi mmoja baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963, wapinduzi walivamia kambi ya polisi ya Ziwani na ghala la silaha la Mtoni, na John Okello, aliyewaongoza, akatangaza kwa redio kutoka Raha Leo. Jengo la kuwatuliza watu likawa makao ya Mapinduzi.

Chama cha Afro-Shirazi nacho makao yake yalikuwa Kisiwandui, ukingoni mwa Ng'ambo. Hapo hapo Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na hapo hapo amezikwa.

Sitaki kuupaka rangi wakati ule. Juni 1961, katika fujo za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Januari 1964 waliuawa wengi zaidi, na kuna nyumba, za mjini na za Ng'ambo, ambazo hazizungumzi jambo hilo mbele ya mgeni. Tukiandika kwamba wanyonge walishinda bila kuandika hilo, tutakuwa tunadanganyana.

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikawa ya serikali. Kodi ya kiwanja ikafa, suala lililowatesa bibi zetu tangu karne ilipoanza. Majumba mengi ya mawe yakataifishwa, na watu wa Ng'ambo na wa mashamba wakaingizwa humo. Waliokuwa wanavuka kwenda kufagia ngazi wakawa wanakaa ghorofani.

Kijana wa Bloku

Sasa mabloki. Mimi nitasema ukweli wangu. Bibi yangu alikuwa na kibanda cha udongo, choo cha shimo. Alipewa fleti Michenzani, umeme na choo cha ndani, bila kulipia. Watu wa nje wakija wanasema majumba yale mabaya, ya kikomunisti. Kwa bibi yalikuwa heshima. Mzee Karume hakusema ataleta maendeleo, alijenga.

Fundi Kandika

@Kijana wa Bloku sikubishii heshima ya bibi. Nakupa upande wa fundi. Wajerumani Mashariki walikuja na mpango wao mwaka 1968, na majengo ya mwanzo walisimamia wao Kikwajuni na Kilimani. Michenzani ilianza 1970, mafundi na vibarua wa hapa hapa, kazi nyingi ikiwa ya kujitolea, na kujitolea kwenyewe si kila mtu aliulizwa. Majengo yale yana urefu unaofika mita mia tatu kila moja, yamepangwa kama mabehewa kwenye njia mbili zinazokatana. Yalipita juu ya mitaa iliyokuwa hai. Mpango ulikuwa kuiondoa Ng'ambo nzima ya udongo. Fedha na saruji vikakata, na kilichosimama ni msalaba ule wa majengo, nyuma yake nyumba zile zile za zamani.

Na hakuna lifti. Maji yasipopanda, ndoo zinapanda kwa miguu. Muulize bibi alipozeeka aliteremka mara ngapi.

Kijana wa Bloku

Aliteremka Idi na misibani. Lakini hakutaka kuhama.

Bi Ukaya

Tatizo langu na mabloki ni moja, uwa umekwenda wapi? Fleti ina kibaraza cha kuanikia nguo, basi. Msiba ukitokea ghorofa ya nne unapika wapi pilau la watu mia mbili? Wanawake wakateremka wakaanza kukaa chini ya majengo, pale uwanjani, na wakaugeuza kuwa uwa. Jioni pita uone mikeka, kachori, urojo, watoto. Waliopanga hawakulipanga hilo.

Nahodha wa Gulioni

Wote wawili mnasema kweli na sina haja ya kuwapatanisha. Ninachokiona mimi ni kwamba Lanchester na Wajerumani Mashariki, watu wa dunia mbili zinazopingana, waliitazama Ng'ambo wakaona kitu kile kile: pahali pa kufutwa na kuchorwa upya. Tofauti ni kwamba wa pili walikuwa na serikali iliyoweza kubomoa.

Twende haraka sasa kwenye siku hizi.

Mji Mkongwe, ambao baada ya 1964 ulianza kuporomoka kwa kukosa matengenezo, uliundiwa mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Fedha zikaja, watalii wakaja, hoteli zikaja. Ng'ambo haikuwa urithi wa mtu. Nyumba ya udongo ya miaka themanini Vikokotoni ikibomolewa hakuna anayepiga kelele, lakini badilisha dirisha Hurumzi uone barua zitakazokuja.

Katika miaka ya 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji ilifanya kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, pamoja na wataalamu kutoka Uholanzi. Waliwauliza wakaazi, wakachora ramani za vilinge, misikiti, viwanja vya mpira, sinema za zamani, visima. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza serikali kuja Ng'ambo kuuliza pana nini kabla ya kusema patakuwa nini. Mpango mkuu wa mji nao ukaitaja Ng'ambo kuwa kitovu kipya cha mji.

Kitovu kipya maana yake ardhi imepanda bei. Michenzani kuna jumba kubwa la maduka sasa. Kwahani nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakainuka. Darajani pamejengwa maduka mapya ya kung'ara. Sipingi hata kimoja, nanunua viatu humo humo. Ninachouliza ni nani atakuwa bado anakaa Mlandege na Kisima Majongoo mambo haya yakishakamilika. Kodi ya kiwanja ilikufa, kodi ya pango haijafa.

Msomaji Kimya

Mkuu, je, mtu wa Ng'ambo mwenyewe anajionaje? Nimekaa Unguja kikazi, nikaona watu wa Mwembetanga wakisema "naenda mjini" wanapovuka barabara tu.

Nahodha wa Gulioni

Umeona vizuri. Hata mimi nasema hivyo. Nakwenda mjini kuchukua pasipoti, kulipa umeme, kuonana na daktari hospitali ya Mnazi Mmoja. Narudi nyumbani. Mji ni pa shughuli na pa wakubwa, nyumbani ni Gulioni. Bado hatuoni haya kuomba chumvi kwa jirani, wala mtoto wa mtu kuchapwa na mtu mwingine kwa utovu wa adabu, ingawa hilo la pili linapungua. Siri nayo haipo. Ukinunua friji, mtaa mzima unajua ni ya mtumba au mpya kabla hujaichomeka.

Halafu tunabaguana wenyewe kwa wenyewe: wa Kikwajuni anajiona mjini kuliko wa Jang'ombe, wa Jang'ombe anamcheka wa Chumbuni. Na mpira ndiyo usiseme.

Kijana wa Bloku

Tukifika kwenye mpira, @Mzaramo Halisi yupo? Tarehe 13 Januari 2024, uwanja wa Amani, fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mlandege 1, Simba 0. Timu ya mtaa wa uswahilini palipokula kutu bati. Na mwaka uliotangulia kombe hilo hilo walilichukua wao.

Mzaramo Halisi

Mimi Yanga bwana, piga tu.

Nahodha, nina safari ya huko mwezi ujao. Nikitaka kuiona Ng'ambo bila kuzungushwa na watembeza wageni, nianzie wapi?

Nahodha wa Gulioni

Anzia Darajani sokoni, ila mgongo uupe Mji Mkongwe. Vuka barabara, ingia Mlandege, acha njia kubwa na ukate vichochoro kuelekea Vikokotoni mpaka utokee Michenzani kwenye mzunguko. Pale simama uyatazame majengo kwa urefu wake. Halafu Kisima Majongoo, Raha Leo, ulione jengo la redio. Rudi kwa Miembeni na Kikwajuni, na ukitaka umalizie Kisiwandui. Kwa miguu ni asubuhi moja, na ukipotea uliza barazani, usitoe simu.

Bi Ukaya

Salimia kwanza ndiyo uulize. Na usipige picha watu wamekaa kwenye vibaraza vyao kama unapiga picha mnara. Omba, wengi watakukubalia, na wengine watataka uwatumie.

Fundi Kandika

Na ukiona nyumba ya udongo inakandikwa upya, nitumie mimi hiyo picha. Zimebaki chache, nataka kuona nani bado ana mkono wa kazi hiyo.